Milango Miwili ya Bafu la Sokoro

Moraa mwanangu,

Umeenda Keroka kumuaga shangazi yako Kemunto, nami nimefunga duka mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Nikianza kukueleza haya kwa mdomo nitalia, wewe utanicheka, na maneno yenyewe yatapotea. Kwa hiyo nimeketi hapa veranda ya nyuma, jua likiwa bado juu ya majani chai, na sufuria ya maharagwe iko jikoni inajichemkia.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge mlango kabla ya kulala. Wewe ni mtu mzima, una shahada yako, na Kinango huko pwani hawakukuita kuwa mtoto wa mtu, wamekuita uwafundishie watoto Fizikia. Joto la huko utalizoea mwenyewe. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya choo na bafu. Najua unacheka. Cheka kwanza, kisha usome.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotukutanisha mimi na baba yako. Mimi nilitoka Homa Bay na Kijaluo changu, yeye alikuwa na Ekegusii chake, na tulipokutana Kisii mjini hapakuwa na njia nyingine ya kutongozana. Ndiyo maana nyumba yetu imekuwa ya Kiswahili mpaka leo, hata majirani wakatucheka kwamba tunaishi kama tuko ofisini.

Nilipoletwa katika boma hili sikujua Ekegusii hata cha kuombea chumvi. Asubuhi ya kwanza nilivaa vizuri, nikatoka nje, nikamkuta babu yako, Sokoro, amesimama karibu na zizi. Nikamwendea nikitabasamu, nikanyoosha mkono kumsalimu. Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akasema neno moja akiangalia ng'ombe, akaondoka. Nilibaki na mkono wangu hewani. Nikaingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Nyanya yako ndiye aliyenikuta pale. Hukumfahamu sana, alifariki ukiwa mdogo, lakini alikuwa mtu wa maneno machache na Kiswahili kichache zaidi. Akaniambia, "Usilie. Si chuki. Ni chinsoni." Kisha akanieleza pole pole, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono. Mwanamke haingii chumba cha kulala cha baba mkwe wake, hakalii kiti chake, na wawili hao hawakutani kwenye njia ya kwenda kuoga. Nikatikisa kichwa. Hata kwetu ziwani tuna mambo kama hayo. Mama yangu hajawahi kula meza moja na baba yako.

Nilielewa kwa akili, Moraa. Moyoni nilibaki nimeamini kitu kingine, kwamba mzee yule hakunitaka kwa sababu mimi ni Mjaluo. Nilishika heshima zote kama nilivyofundishwa. Nilimpikia, nikamfulia, nikampitishia salamu kwa watoto. Lakini imani ile sikuitoa, na hakuna mtu aliyeijua. Ilikaa humo miaka yote uliyokuwa ukikua.

Ulipomaliza chuo ukarudi nyumbani kungoja kazi, nilifurahi mwezi wa kwanza. Baadaye nilianza kuchoka kuulizwa na wateja dukani, "Mwalimu wetu amepata kazi?" Nikawa nawajibu, "Amekaa tu." Nadhani uliwahi kunisikia. Ulikuwa umehamia nyumba ya Sokoro ili asilale peke yake, kwa kuwa mjukuu hana chinsoni na babu. Alikuwa akikuita mke wake, nawe ukimwita mume wangu mvivu, na nyumba ile ilikuwa na kicheko ambacho mimi nilikisikia kutoka ng'ambo ya uwanja tu. Mimi niliona binti aliyesoma akikaa na mzee kuchekacheka. Sikuona kwamba ulikuwa unajifunza kitu ambacho sisi wengine wote katika boma hili hatukuwa na ruhusa ya kukijua.

Kisha mvua za masika zikaja na Sokoro akaanguka.

Unaikumbuka njia ile ya choo cha shimo, inavyoteremka katikati ya migomba, udongo wake mwekundu ukilowa unateleza kama umepakwa mafuta. Alitoka alfajiri kwa sababu hakutaka kukuamsha. Tulimkuta amelala ubavu, ameshika mgomba mmoja, hapigi kelele. Alikuwa amevunjika nyonga. Alipotoka hospitali alitembea na ile fremu ya chuma, hatua moja, pumzi moja, na daktari akatuambia njia ya migomba aisahau kabisa.

Tukakubaliana kwamba nyumba yake itengenezwe na bafu lenye choo liwekwe ndani. Baba yako kazi yake iko Kisii na hurudi jioni amechoka, hivyo akaniambia, "Mama Moraa, hii nakuachia wewe." Nami nikaipokea kwa furaha. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka uone jinsi kosa linavyoweza kuvaa nguo nzuri.

Nilichagua kona ya sebule, upande wa kulia ukiingia. Nilikuwa na sababu za maana. Tangi la maji liko nje ya ukuta ule ule, na mteremko wa maji taka unaelekea upande huo. Fundi Omwenga alipoona mahali akasema, "Hapa kazi ni rahisi." Hizo ndizo sababu nilizomwambia kila mtu. Sababu niliyoificha ni kwamba kona ile inaonekana na kila anayeingia. Nilitaka akina mama wa kanisa wakija kumwona mgonjwa waone mlango mpya uliopakwa rangi, wauone ukifunguka, waone vigae vyeupe ndani, waseme, "Yule mke wa Ombati, Mjaluo yule, amemjengea baba mkwe wake choo cha ndani." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu asubuhi ile ya mkono hewani.

Wewe uliuliza swali moja tu. Ulikuwa umebeba karai la mchanga kumsaidia fundi, ukaliweka chini, ukasema, "Mama, tumemuuliza Sokoro?"

Nikakujibu, "Sokoro analetewa choo mpaka kwenye kiti chake. Aulizwe nini tena?"

Ukachukua karai lako ukaendelea. Hukubishana. Nilidhani umekubali.

Akina mama wa kanisa walikuja. Wakaomba, wakaimba, wakafungua mlango ule kwa zamu. Wakasema yote niliyotaka kuyasikia. Sokoro alikaa kwenye kiti chake cha ngozi akiitikia, na mwishoni akasema kwa Ekegusii kwamba anashukuru sana, Mungu awabariki waliojenga. Nililala usingizi mtamu siku hiyo.

Baada ya wiki kadhaa ulinijia dukani, nikiwa nampima mteja sare ya shule. Ulingoja akatoka. Ukaniambia, "Mama, ile sabuni ya bafuni kwa Sokoro bado ina herufi zake."

Sikukuelewa. Ukanieleza. Hakuwahi kuingia mle hata mara moja. Alikuwa akitumia ndoo ya zamani ya rangi chumbani kwake alfajiri, nawe ukienda kuimwaga. Na ili asiihitaji ndoo mchana, alikuwa ameacha kunywa uji saa nne, akaacha maji, chai anaionja tu. Ulikuwa umejaribu kumbembeleza, hakukubali. Ukasema ulimi wake umekauka na asubuhi hiyo aliliita jina la nyanya yako kana kwamba yupo jikoni.

Tulimkimbiza kliniki wakamwekea maji ya mshipa. Daktari kijana akatuuliza, "Huyu mzee hanywi maji kwa nini?" Baba yako akanitazama mimi, nikatazama sakafu.

Usidhani nilihuzunika, Moraa. Nilikasirika. Tuliporudi nikakuvuta pembeni nikakumwagia yote niliyoyaficha. Nikakuambia babu yako hajawahi kunipenda, kwamba ingalikuwa ni Kemunto aliyechagua mahali pale, mzee angalikitumia choo kile, kwamba yuko tayari kukauka kama kuni kuliko kukalia kitu kilichochaguliwa na mwanamke wa ziwani. Maneno mabaya, na wewe ni damu ya pande zote mbili. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukanishika mkono ukaniongoza mpaka sebuleni kwake. Yeye alikuwa nje anaota jua.

"Mama, hebu kaa pale," ukasema, ukionyesha kiti cha ngozi.

"Una wazimu? Hicho ni kiti cha baba mkwe wangu."

"Hayupo."

"Hata kama hayupo."

Ukanitazama, bila kiburi, kama unavyomtazama mwanafunzi aliyebakisha hatua moja tu kufikia jibu. "Kwa hiyo wewe huwezi kukaa kwenye kiti chake hata akiwa nje. Lakini yeye ulitaka ainuke hapo na fremu yake, apite mbele yako na wageni wako, afungue mlango ule, na nyinyi nyote mkae hapa mkisikia maji yanavyomwagika."

Nilisimama katikati ya ile sebule na kwa mara ya kwanza nikaiona kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Nilikuwa nimeshika chinsoni zaidi ya miaka ishirini kwa ajili yangu, nisije nikachekwa. Haikuwa imenijia kwamba na yeye alikuwa anaibeba, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Siku iliyofuata nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nachambua mboga za chinsaga, nanyi mlikuwa uwanjani. Sikukusudia kusikiliza, lakini nilipoanza kusikia sikuondoka.

"Mume wangu," ukamwambia, "choo kile kimekukosea nini?"

"Mke wangu, kile si choo. Ile ni madhabahu. Mtu akiingia pale watu wanataka kuimba."

Mlicheka wote wawili. Kisha ukamuuliza, "Ungejenga wewe, ungekiweka wapi?"

Halafu akaanza kukusimulia habari ambayo hata baba yako hakuwa ameisikia. Kwamba alipokuwa kijana, kabla ya Uhuru, alifanya kazi Nyansiongo katika nyumba ya mzungu mwenye shamba. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji nje na kuyapeleka bafuni. Bafu la nyumba ile lilikuwa nyuma ya chumba cha kulala, na lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitoka chumbani. Mwingine, mdogo, ulitoka nje upande wa jiko. Yeye aliingia kwa ule mdogo, akamwaga maji kwenye karai kubwa, akagonga mara moja, akatoka. Ndipo wenyewe wakaingia kwa mlango wao.

"Sikuona chumba chao hata siku moja," akasema. "Na wao hawakuniona na ndoo yao. Wazungu wale walikuwa na mambo mengi mabaya. Lakini bafu walijua kuliweka."

Ukampa fimbo. "Nichoree hapa chini."

Nikachungulia. Alichora nyumba yake kwenye vumbi, chumba chake cha kulala, na nyuma yake ile stoo ndogo tuliyokuwa tukiweka mahindi. "Hapa," akasema. "Mlango mmoja kwangu. Mwingine nje, kwa mama yako. Nikiwa ndani mimi nafunga komeo la mlango wa nje. Nikimaliza narudi chumbani, nafunga mlango wangu. Yeye aje na maji yake, asafishe, aende. Haingii kwangu. Simpiti."

Kwa mama yako. Alisema hivyo. Alikuwa amenifikiria tangu mwanzo, amenijengea mlango kichwani mwake, ila hakuna aliyemuuliza.

Kikao cha familia kilikuwa kigumu, nawe ulikuwepo. Baba yako alishika kichwa aliposikia tunajenga tena. Fundi Omwenga akasema stoo iko mbali na tangi, afadhali achimbe shimo jipya la maji taka nyuma ya nyumba. Hapo ukasimama. Ulisema kwa heshima, kwa sauti ya kawaida, kwamba nyuma ya nyumba ardhi inateremkia chemchemi ambako nusu ya kijiji huteka maji, na kwamba bomba lipitishwe chini ya veranda lirudi kwenye shimo lile lile la kwanza. Fundi akasema mteremko hautatosha. Mkatoka wote wawili mkapima, mkarudi, na yeye mwenyewe akasema, "Utatosha, lakini itabidi tuinue sakafu ya bafu kidogo." Ukamuuliza kama sakafu ikiinuliwa fremu ya Sokoro itapanda vipi. Mkakubaliana isiwe ngazi, iwe mwinamo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimeinamisha uso ili watu wasione jinsi nilivyokuwa nikitabasamu. Huyu ndiye niliyekuwa nikiwaambia wateja kwamba amekaa tu.

Kisha shangazi yako Kemunto akasema jambo lililokuwa moyoni mwangu pia. Akasema, "Nimesikia huo mlango wa nje ulikuwa wa boi. Sasa mnataka mke wa kaka yangu aingie kwa mlango wa boi?"

Sokoro akagonga fimbo chini mara moja. Hakunitazama, alitazama mlango, lakini alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha shambani, ili nisikose hata neno.

"Mlango ule wa Nyansiongo niliingia mimi, na komeo lilikuwa kwao. Wakitaka wanafungua, wakitaka wanafunga. Huu si ule. Huu una komeo kwangu na kufuli kwake. Ufunguo ni wa huyu mama. Hata wewe Kemunto ukitaka kupita hapo, utamwomba yeye."

Kemunto alicheka kwanza, kisha sote. Jambo likaisha.

Lile bafu la sebuleni hatukulibomoa. Wageni wanalitumia, mchungaji analisifu, na watu wa chini huko wanadhani sisi ni matajiri kwa kuwa na vyoo viwili katika nyumba ya mzee mmoja. Mimi nikipita pale hujikumbusha na kuendelea na kazi. Si kila kosa linahitaji kubomolewa.

Kuna jambo ambalo hukuliona kwa sababu lilitokea asubuhi ulipokuwa umekwenda Nyamira mjini kufuatilia barua yako ya kazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumpelekea maji ya kuoga kwa mlango ule. Nilibeba ndoo, nikafungua kufuli, nikaingia. Mlango wa upande wake ulikuwa umefungwa. Nikaweka maji, nikapanga taulo, nikagonga ukuta mara moja kama alivyosimulia. Nilipogeuka kutoka, nikasikia sauti yake upande wa pili.

"Mama Moraa."

Tangu niolewe hakuwahi kuniita moja kwa moja. Kila neno lake lilinifikia kwa kupitia mtu.

"Naam, Baba."

"Kwenu kule ziwani, mnaoga ziwani ama nyumbani?"

Nikamwambia tulipokuwa watoto tulioga ziwani, wasichana upande wao, wavulana upande wao, na kwamba mama yangu alikuwa akitupigia kelele tusiende mbali kwa sababu ya viboko. Akauliza kiboko analia vipi. Nikamwonyesha mlio, mimi mwanamke wa umri huu, nimesimama bafuni na ndoo tupu, nikilia kama kiboko. Nikamsikia anacheka upande wa pili wa mbao, cheko lile lile nililokuwa nikilisikia toka ng'ambo ya uwanja.

Tangu siku ile tunaongea, mimi na yeye, karibu kila asubuhi. Hatuonani. Mlango uko katikati, na kwa sababu uko katikati hatuna wasiwasi. Ameniuliza habari za wazazi wangu, jinsi tunavyokausha dagaa wetu wa omena, kwa nini tunaimba sana kwenye matanga. Nami nimemuuliza mambo ya nyanya yako. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza habari ya asubuhi ile karibu na zizi, neno alilolisema akiangalia ng'ombe. Akasema hakumbuki neno, lakini anakumbuka aliogopa. "Ulikuja na mkono," akasema, "na mimi sikujua nani atakueleza." Miaka yote hiyo nilibeba chuki ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa hofu ya mzee mmoja aliyekosa lugha.

Kwa hiyo ukifika Kinango, mwanangu, na mtu akakupa kisogo siku ya kwanza, usikimbilie kulia jikoni kama mimi. Utakuwa mgeni kati ya watu wenye heshima zao, na Kiswahili chao kitafanya chako kionekane kama gari lenye gurudumu bovu. Wacha wakucheke. Mimi walinicheka hapa kwa sababu "shilingi" mdomoni mwangu ilitoka "silingi," na sasa ndio wanaonijia dukani. Siku utakayokuwa mwenye kuamua jambo la mwalimu mwenzako au la mtoto wa darasani, sina la kukufundisha. Ulilijua hilo ukiwa na karai la mchanga kichwani, wakati mama yako hajui.

Najivunia wewe. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuikata, kwa sababu kwetu hatukulelewa kuyasema haya kwa watoto, wasije wakavimba kichwa. Naiacha sasa. Najivunia shahada yako, ndiyo, niliipigia vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini ninapokaa peke yangu nikishona pindo za sare za watoto, ninachokifikiria si shahada. Ni vile ulivyokaa kwenye vumbi na mzee, ukampa fimbo.

Nimalizie na la leo. Asubuhi Mama Bosibori wa kule juu alikuja hapa akijikokota na magoti yake. Mwanawe wa Nairobi amemtumia fundi amjengee bafu lenye choo. Akasimama langoni akauliza, "Yule mwalimu wa choo yuko?"

Nikamwambia mwalimu wa choo anasafiri kesho.

Akasikitika. Akasema, "Basi wewe njoo unionyeshe mahali pazuri. Wewe una maarifa, umejenga mawili."

Nikavaa viatu nikaenda naye. Fundi alikuwa ameshasimama pale na kamba yake, tayari kupima upande wa nyuma, kwenye kivuli, mahali ambapo kwa kweli hata mimi ningepachagua. Ulimi ulikuwa umeshaanza kusema. Nikauzuia. Nikavuta kigoda, nikakaa chini karibu na miguu ya Mama Bosibori, nikamuuliza, "Mama, wewe ungependa choo kiwe wapi?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kwa lugha ngeni. Kisha akaonyesha upande wa mbele, karibu na lango, mahali ambapo hakuna fundi angepafikiria. Nikamuuliza kwa nini pale.

"Siku hizi natumia muda mrefu chooni," akasema. "Nikiwa nyuma sitamsikia mbwa akibweka. Na wageni wanaokuja kwangu ni wachache. Sitaki hata mmoja afike, aone kimya, aondoke."

Fundi akakunja kamba yake, akaenda mbele kupima.

Maharagwe yananukia, nadhani yameanza kushika chini. Nakuacha hapa.

Ni mimi mama yako, Akinyi, wa ziwani na wa hapa.